Kipimo kinasema hewa ni salama, mbona macho yanatutoka machozi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nafanya kazi katika maabara ya patholojia ya hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania, huu ni mwaka wa sita. Vinyama na viungo vya wagonjwa vinatufikia vikiwa vimelowekwa kwenye fomalini. Tukifungua ndoo kubwa macho yanawasha, machozi yanatiririka na koo linakereketa. Tulipolalamika waliletwa wapimaji, wakanibandika beji ya kupima hewa kwenye kola kutwa nzima. Majibu yakaja: 0.28 ppm. Bosi anasema Marekani wanaruhusu 0.75 na Ulaya 0.3, kwa hiyo tuko salama. Wakongwe wananiambia nitazoea. Namba hizi zinatoka wapi, na mbona macho yangu hayakubaliani nazo?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Macho yako hayakudanganyi, na beji nayo haikudanganya. Vimepima vitu viwili tofauti. Beji imekupa wastani wa kutwa. Macho yamekupa habari za zile dakika chache ulizoinama juu ya ndoo. Kwa kemikali inayowasha, habari ya macho ndiyo nzito zaidi, na hata hicho kiwango cha Ulaya anachokitaja bosi wako kilijengwa kwa kuyatazama macho ya watu. Isitoshe, 0.3 ni nusu tu ya kiwango hicho. Namba hiyo ina pacha wake, na naona hakutajwa.

Tuanze na hesabu. Siku ya kazi ya saa nane ina dakika 480. Chukulia unafungua ndoo kubwa mara nne kwa siku, na kila mara unakaa juu yake dakika 10: unafunua mfuniko, unamwaga fomalini iliyochakaa kwenye sinki, unatoa kiungo kinachochuruzika na kukilaza kwenye ubao. Chukulia kwamba dakika hizo hewa ya mbele ya uso wako inafika 2 ppm, yaani sehemu mbili za fomaldehaidi, ile gesi inayotoka kwenye fomalini, katika sehemu milioni za hewa. Dakika 440 zilizobaki uko kwenye hadubini au kwenye rejista, na hewa ina 0.12. Zidisha, jumlisha, gawa kwa 480. Unapata 0.277, ambayo kwenye karatasi ya majibu inaandikwa 0.28. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenu. Ninachosema ni kwamba namba ya kutwa nzima inaweza kumeza vilele vinne vya namna hiyo na isionyeshe dalili yoyote.

Sasa chukua dakika 15 tu zinazozunguka kilele kimoja: dakika 10 za 2 ppm na dakika 5 za 0.12. Wastani wake ni karibu 1.4. Kikomo cha Ulaya kwa kipindi cha dakika 15, yule pacha niliyemtaja, ni 0.6. Hapo umekipita zaidi ya mara mbili. ACGIH, chama cha wataalamu wa Marekani ambacho orodha yake ya viwango hufuatwa katika nchi nyingi, tangu 2017 kinapendekeza 0.1 kwa kutwa na 0.3 kwa dakika 15. Kwa kipimo hicho umepita kote kuwili. Kati ya viwango hivi, ni sheria ya Marekani peke yake, yenye kikomo cha 2 ppm kwa dakika 15, ambayo ingekupitisha.

Kwa nini ziwe namba mbili? Zipo sumu ambazo mwili unaziweka akiba. Risasi, ile ya kwenye betri na rangi za zamani, inaingia kidogo kidogo na kujilundika kwenye mifupa, kwa hiyo jumla ya ulichovuta kwa siku au kwa mwaka ina maana kubwa. Mwanakemia Mjerumani Fritz Haber aliacha kanuni inayosema madhara ya gesi ni kiasi chake hewani ukizidisha na muda. Kanuni hiyo inasaidia mahali fulani, lakini kwa vitu vinavyowasha inapotosha vibaya. Angalia amonia. Saa nane katika hewa yenye 5 ppm zinakupa zao la 2,400. Dakika moja katika hewa yenye 2,400 ppm inakupa zao hilo hilo. Ile ya kwanza watu wengi wataifanyia kazi wakisikia harufu tu. Ya pili ni mara nane ya 300 ppm, kiasi ambacho taasisi ya utafiti ya Marekani, NIOSH, inakihesabu kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai. Utakimbia huku umefumba macho, usijue mlango uko wapi. Kwa vitu vya jamii hii kinachotawala ni ukali, na muda unakuja nyuma sana.

Sababu iko kwenye neva. Pua ina njia mbili za kuzungumza na ubongo. Ya kwanza ni neva ya harufu, inayokuambia hii ni karafuu, hii ni mafuta ya taa. Ya pili ni neva ya tano ya kichwa, trijemina, ambayo matawi yake yako kwenye macho, puani na mdomoni. Hii haijui harufu. Inajua kuchoma, kuwasha, ubaridi na maumivu. Mtu akikaanga pilipili kavu jikoni, nyumba nzima inakohoa na watoto wanatoka nje wakisugua macho. Hiyo ni trijemina inapiga kengele. Fomaldehaidi inaigonga neva hiyo kupitia kipokezi kinachoitwa TRPA1, ambacho ndicho kinachochokozwa pia na haradali. Kipokezi hakiweki hesabu ya kutwa. Kinaitikia kilichopo hewani dakika hiyo.

Kuna jaribio ninalolipenda kwa urahisi wake. Mtu anapelekewa hewa safi kwenye tundu moja la pua na mvuke wa kemikali kwenye tundu jingine, kisha anaulizwa: umeingia upande gani? Kama ni harufu tupu, atabahatisha. Mvuke ukishafika kiasi cha kuchoma, anaonyesha upande bila kukosea. Kwa njia hiyo watafiti wanajua harufu inaishia wapi na mwasho unaanzia wapi, na wanaweza kuwapima hata watu wasiosikia harufu kabisa.

Hapa nijibu la wakongwe. Nilipokuwa mafunzoni tulipelekwa kwenye chumba cha anatomia, na mhudumu mmoja mzee alitufunulia beseni. Sisi tulirudi nyuma hatua tatu. Yeye aliinama, uso wake shubiri moja kutoka kwenye maji, akatuambia hasikii kitu, miaka mingi sasa. Nilimtazama machoni. Kope zilikuwa zimevimba na weupe wa jicho ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyekesha msibani. Sijamsahau. Kilichozoea ni neva ya harufu, ambayo kwa kawaida huchoka haraka kwa kitu kinachojirudia. Utando wa jicho na wa pua haukuzoea chochote, ulikuwa ukichomwa kila siku, na mwenyewe aliipoteza alama ya mwanzo ya kumtahadharisha. Kwa hiyo ukiambiwa utazoea, mwenzako anakueleza kilichompata yeye. Usikichukulie kuwa ni dawa.

Sasa, namba zinatoka wapi? Kwa muda mrefu zilitokana na kuwauliza wafanyakazi. Mkaguzi anapima hewa, anauliza nani macho yanamwasha, anaandika. Njia hiyo ina faida, ila harufu inaivuruga. Katika miaka ya 1990 Pamela Dalton, wa kituo cha utafiti wa harufu na ladha cha Monell huko Philadelphia, alionyesha kwamba watu wakivuta mvuke mmoja kwa kiasi kilekile, walioambiwa una madhara wanalalamika kuwashwa kuliko walioambiwa hauna neno. Hawakuwa wakisema uongo. Hofu na harufu vinaongeza hisia. Waajiri wengine wameshikilia matokeo ya namna hii kusema malalamiko yote ni ya kichwani. Mimi naona funzo lake ni jingine kabisa: usimuulize mtu tu, tafuta alama ya mwili inayoweza kuhesabiwa.

Njia moja ilipitia kwa panya wadogo weupe. Yves Alarie, mtafiti wa Pittsburgh, aliona kwamba panya huyo akivuta kitu kinachochoma, pumzi zake zinapungua kasi zenyewe, bila hiari. Akapima kiasi cha kemikali kinachopunguza pumzi hizo kwa nusu, kinachoitwa RD50. Halafu pendekezo likawa: chukua asilimia 3 ya namba hiyo, na utakuwa karibu na hewa ambayo binadamu anaweza kufanyia kazi bila kuwashwa. Kwa fomaldehaidi RD50 ni karibu 3 ppm. Asilimia 3 yake inaangukia kwenye 0.1, namba ileile ya ACGIH. Mwaka 1993 mtafiti Schaper alikusanya vipimo hivyo kwa kemikali 295, na kwa ujumla asilimia hiyo ilikwenda sambamba na viwango vilivyokuwa tayari vinatumika. Lakini si amri ya Mungu. Kwa amonia RD50 ni karibu 300, na asilimia 3 yake ni 9, wakati ACGIH inaruhusu 25. Panya anakupa pa kuanzia, hasa kwa kemikali mpya ambayo hakuna binadamu aliyepimwa.

Kwa fomaldehaidi binadamu wamepimwa. Mwaka 2008 Lang na wenzake wa Ujerumani walichapisha utafiti wa watu 21 wenye afya, waliojitolea kukaa kwenye chumba maalumu saa nne kwa siku, siku 10. Siku nyingine hewa ilikuwa safi, siku nyingine ilikuwa na 0.15, 0.3 au 0.5 ppm. Na zipo siku ambazo juu ya kiasi cha kawaida waliongeza vilele vifupi vinne, kama ndoo zako. Ili harufu isiwavuruge, katika baadhi ya siku walitia mvuke wa ethili asetati, ule unaonukia kama kiondoa rangi ya kucha, ili mtu asijue kwa pua lini fomaldehaidi ipo. Halafu wakayatazama macho: wekundu wake, na mtu anapepesa mara ngapi kwa dakika. Kupepesa huwezi kukusingizia, wala hakuna anayekumbuka kukuhesabu mwenyewe.

Walichokiona ndicho kinachokuhusu. Kwa 0.5 ppm isiyopanda wala kushuka, macho hayakuonyesha tofauti ya kupimika. Kwa 0.5 yenye vilele vya 1 ppm, wekundu na kupepesa viliongezeka. Kwa 0.3 yenye vilele vya 0.6, macho yalitulia. Sasa rudi kwenye kiwango cha Ulaya: 0.3 kwa kutwa, 0.6 kwa dakika 15. Namba hizo mbili ziliwekwa pamoja kwa sababu zilipimwa pamoja. Anayechukua 0.3 na kuiacha 0.6 ameinunua nyumba ya Ulaya akaacha paa lake.

Utaniuliza kuhusu saratani, na una haki. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 katika kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kwenye jaribio kubwa la panya wakubwa wa maabara, lililochapishwa kikamilifu 1983, waliovuta karibu 14 ppm kwa miaka miwili karibu nusu yao walipata saratani ya pua. Kwa karibu 6 ppm walikuwa asilimia moja hivi. Kwa 2 ppm hakuna. Mteremko mkali namna hiyo uliwaonyesha wataalamu kwamba pua ikichomwa mfululizo, seli zinakufa na kuzaliwa upya kwa kasi, na katika kasi hiyo makosa yanazidi. Ndiyo maana Wazungu wa Ulaya walifikia uamuzi kwamba ukizuia mwasho, umezuia pia sehemu kubwa ya hatari ya pua. NIOSH ya Marekani haikuridhika na hoja ya aina hiyo. Yenyewe ilisema kwa kitu cha saratani ushuke hadi kiasi cha chini kabisa ambacho vipimo vinaweza kukisoma kwa uhakika, ikapendekeza 0.016 kwa kutwa na 0.1 kwa dakika 15.

Hapo unaona kwa nini namba zinatofautiana kutoka 0.016 hadi 0.75. Kila moja inajibu swali lake. NIOSH iliuliza, vipimo vinafika wapi? Ulaya iliuliza, macho yanaanza kuathirika wapi? Sheria ya Marekani iliuliza pia viwanda vinaweza kumudu nini. Historia yake inaonyesha: mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliruhusu 3 ppm, 1987 ikashuka hadi 1, na 1992 ikafika 0.75, ilipo mpaka leo. Namba hiyo ina umri mkubwa kuliko utafiti wa macho niliokueleza. Mtu akikuwekea 0.75 mezani, muulize ni ya mwaka gani.

Na kuna jambo la sekta yenu hasa. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 lilipoweka 0.3, liliwapa watu wa afya, wa mazishi na wa kuhifadhi maiti nafuu ya 0.5 hadi tarehe 11 Julai 2024, kwa kuwa ilionekana hawataweza kushuka haraka. Nafuu ile ilihusu mabomba ya kuvuta hewa na bajeti. Macho ya mtu wa maabara hayana ugumu kuliko ya mtu wa kiwanda cha mbao. Muda huo umekwisha.

Kumbuka pia nani alipimwa: watu wazima wenye afya. Kwa hewa ya nyumbani, wanamokaa watoto, wazee na wenye pumu, WHO inapendekeza isizidi miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo, karibu 0.08 ppm, katika nusu saa yoyote. Na hakuna kikomo hata kimoja kinachomlinda mtu ambaye ngozi yake imeshapata mzio wa fomalini. Mwenzenu akitokwa na upele mikononi usiokwisha, au kifua kikibana akiingia maabara na kufunguka mwishoni mwa wiki, huyo aende kwa daktari na asisubiri kipimo.

Sasa la kufanya. Usibishane na 0.28. Ikubali, kisha omba kwa maandishi kipimo cha pili: cha dakika 15, wakati ndoo kubwa zinafunguliwa, kikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka puani mwa anayefanya kazi. Beji za muda mfupi zipo. Wakija na kile kifaa cha mkononi kinachoonyesha namba papo hapo, waulize kama sensa yake inachanganya fomaldehaidi na alkoholi, kwa sababu nyingi za aina ya umeme-kemia zinachanganya, na maabara yenu imejaa ethanoli; fomalini yenyewe kwa kawaida inatiwa methanoli ili isigande. Chupa ya spiriti iliyo wazi mezani inaweza kuharibu kipimo kizima.

Wakati mnasubiri, kuna mambo hayahitaji tenda. Zimeni pangaboi mnapofungua ndoo, linauchota mvuke na kuurusha usoni. Kiungo kikubwa kikitolewa, kiogeni kwa maji chini ya mfuniko kabla ya kukikata. Msimwage fomalini ya zamani kwenye sinki la wazi huku mmelisimamia; ikusanyeni kwenye dumu lenye kizibo. Barakoa ya kitambaa, ya upasuaji, hata ile ya N95, inazuia vumbi na matone, lakini gesi inapita. Inayozuia ni ya mpira yenye kichujio kilichoandikwa kuwa ni cha fomaldehaidi, na kichujio hicho kinachoka. Hata hivyo barakoa isiyofunika macho haitayaokoa macho. Dawa ya kweli ni meza ya kukatia inayovuta hewa kwa chini, au kabati la moshi linalofanya kazi. Mkiwa nalo, shikeni kipande cha karatasi laini kwenye mlango wake: kama hakivutwi kuelekea ndani, limekuwa kabati la kuwekea chupa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya yenu, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanaweza kuitwa. Nakushauri uanze na daftari. Kila ndoo ikifunguliwa andika saa, dakika mlizokaa juu yake, ukubwa wa kiungo, dirisha lilikuwa wazi au la, na nani alitokwa machozi. Wiki mbili zinatosha. Wapimaji wakirudi, wape daftari hilo waone dakika zipi 15 za kupima, kisha uniandikie namba watakayoipata.